Tapeti zilizonyamaza ndizo zinazounguza valvu za ekzosi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu malalamiko ya msomaji mwenzangu, aliyeandika kwamba gari lake, miezi michache baada ya kufungwa mfumo wa gesi asilia, lilipungua nguvu, likaanza kumisi, na lilipofunguliwa ikakutwa valvu moja ya ekzosi imeungua. Hitimisho lake lilikuwa kwamba gesi ni kali mno kwa injini zetu, na kwamba wanaohimiza wenye magari kuachana na petroli wangepaswa kutafakari upya. Nimefanya kazi ya injini kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa nikiwa hapa Gerezani, na valvu zilizoungua nimezishika mkononi nyingi, za petroli, za dizeli na za gesi. Masikitiko yake nayaelewa, maana kufungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda kinachobeba valvu, ni gharama, na gari la biashara likilala gereji siku tatu hata watoto nyumbani wanajua. Lakini sababu aliyoitaja siyo, na tukiishikilia tutaendelea kuunguza valvu hata kama sote tutarudi kwenye petroli.

Tuitazame kwanza kazi ya valvu yenyewe. Ni kipande cha chuma chenye umbo la uyoga: kichwa kipana cha duara, shingo, na shina refu jembamba. Inafungua mlango ili moshi utoke ndani ya silinda, kisha springi inaurudisha na kuubana mlango huo ili mchanganyiko mpya wa hewa na mafuta usindiliwe na kuwashwa bila kuvuja. Moto unapolipuka ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kidogo sana, na moshi unaotoka huwa bado na nyuzi 700 hadi 900 injini inapofanya kazi nzito, kwa mfano gari linapopanda mlima Kitonga likiwa na mzigo. Valvu ya inleti, ile ya kuingizia hewa, ina nafuu, kwa sababu kila inapofunguka huogeshwa na hewa ya nje, na joto la kichwa chake kwa kawaida hubaki kati ya nyuzi 300 na 500. Ya ekzosi haina wa kuipepea. Ikiwa imefungwa, uso wake unatazamana na moto. Ikiwa imefunguka, moshi unaipita pembeni, unaizunguka kwa nyuma na kuikumbatia shingoni. Ndiyo maana kichwa chake huishi katika nyuzi 650 hadi 800, kikiwa kimeiva kwa wekundu kama kaa la moto, na humo humo kinatakiwa kifunge bila kupitisha hata pumzi.

Sasa linganisha na jambo hili moja ambalo huwa nawaambia vijana ninaowafundisha, nao hawaliamini mpaka walifikirie. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Silinda hedi za magari mengi ya leo ni za alumini, na ndani ya hedi hiyo kimekaa kipande cha chuma chenye joto linaloweza kuyeyusha hedi yenyewe. Mbona haiyeyuki? Kwa sababu joto halikai pale. Linapita. Anayetaka kuielewa valvu ya ekzosi aanze kwa kuuliza joto linapitia wapi, kabla hajauliza chuma chake ni kigumu kiasi gani.

Linapitia njia mbili. Takribani robo tatu yake hutoka kwenye ukingo wa kichwa na kuingia kwenye siti, ile pete ya chuma kigumu iliyopigiliwa katika hedi, ambayo nyuma yake kuna njia za maji ya rejeta. Sehemu inayobaki hushuka kwenye shina na kuvuka kwenda kwenye kibomba kinachoongoza shina hilo, ambacho mafundi tunakiita valvu gaidi, na ambacho katika injini nyingi hutengenezwa kwa chuma cha kalibu au kwa shaba nyeusi kwa kuwa shaba hupitisha joto upesi. Njia ya kwanza, ile kubwa, ina sharti gumu: inakuwapo tu wakati valvu imekaa kwenye siti. Valvu ikiwa hewani, imeinuliwa na kamshafti, ile shafti yenye nundu za kufungulia valvu, mlango wa joto umefungwa na joto linalimbikizana. Katika kila mzunguko kamili wa kazi, ambao injini huukamilisha kwa kuzunguka mara mbili, valvu ya ekzosi huwa wazi kwa karibu theluthi moja ya muda, na theluthi mbili huwa imeketi. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, huo muda wa kuketi ni kama sehemu ya thelathini ya sekunde. Katika sehemu hiyo ya thelathini ndimo valvu inapopumua. Safari ya saa tatu na nusu kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa mwendo huo wa injini inaifungua na kuifunga kila valvu zaidi ya mara 260,000, na kila mara hesabu ni ile ile: ikigusa siti kikamilifu inapoa, isipogusa inaungua.

Waliobuni valvu hizi walilijua hilo tangu zamani, na wamelishughulikia kwa akili nyingi ambazo sisi tunaozifungua kila siku hatuzitendei haki. Chuma cha kawaida kikifika nyuzi 500 huanza kulegea, na kikiwa katika moshi huliwa na kutu ya moto. Kwa hiyo valvu za ekzosi hutengenezwa kwa vyuma vya mchanganyiko maalumu. Kimoja kinachotumika sana hujulikana kwa alama ya 21-4N, yaani kina asilimia 21 ya kromiamu na asilimia 4 ya nikeli, pamoja na manganizi kama asilimia 9 na naitrojeni kidogo. Kromiamu hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaokinga chuma cha ndani kisiliwe, na nikeli pamoja na manganizi huweka mpangilio wa ndani wa chuma katika hali isiyolegea upesi kwenye joto. Penye joto kali zaidi, kama kwenye injini za mashindano na za meli kubwa, hutumika mchanganyiko ambao zaidi ya theluthi mbili yake ni nikeli yenyewe. Halafu ukingo unaogusana na siti, pale panapogongwa mara 20 na zaidi kwa sekunde, katika valvu nyingi za kazi nzito hupakwa tabaka la Stellite, mchanganyiko wa kobalti, kromiamu na tungsteni uliotokana na kazi ya Mmarekani Elwood Haynes mwanzoni mwa karne ya ishirini, ambao hubaki mgumu hata ukiwa mwekundu kwa moto.

Chuma hicho cha 21-4N kina kasoro yake. Hakiwezi kutiwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu kama chuma cha panga, na shina linatakiwa liwe gumu, hasa kule mwisho linakogongwa na tapeti, kile kipande kinachopokea msukumo wa kamshafti na kuufikisha kwenye valvu. Kwa hiyo valvu nyingi za ekzosi ni vipande viwili vilivyounganishwa: kichwa na shingo ni chuma cha kuvumilia joto, na shina ni chuma kinachokubali kugumishwa kwa moto. Vinaunganishwa kwa kuvisugua kimoja juu ya kingine kwa kasi kubwa hadi vinashikana kwa joto la msuguano wenyewe, na kiungo kikishasafishwa kwa jiwe hukioni tena kwa macho. Unakiona kwa sumaku. Chukua sumaku ndogo, ya spika mbovu inatosha, uipitishe juu ya valvu ya namna hiyo kuanzia ncha ya shina: inashika, inashika, halafu katikati ya shina inaachia ghafla, na kichwani haishiki kabisa. Valvu ya inleti ya injini hiyo hiyo mara nyingi hushika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ni kipimo kisicho na gharama ambacho mwenye gari yeyote anaweza kukifanya dukani kabla hajatoa fedha yake. Kama valvu ya ekzosi iliyotoka kwenye injini yako haikushika sumaku kichwani, na hiyo mpya unayouziwa inashika kote, basi hicho si chuma kile kile, hata boksi liwe na maandishi mazuri namna gani. Nasema ulinganishe na ya zamani kwa kuwa zipo injini ambazo watengenezaji wake kwa haki kabisa walichagua chuma kinachoshika sumaku, na fundi asimhukumu muuza spea kwa sumaku peke yake.

Hapo ndipo watu wengi hukomea. Wakisikia valvu imeungua wanauliza chuma, wanataka ngumu zaidi, ya bei kubwa zaidi. Lakini hakuna chuma katika hivyo nilivyovitaja kinachoweza kudumu kikinyimwa siti. Kitakachokinyima siti mara nyingi ni nafasi ya tapeti.

Nafasi ya tapeti ni ule upenyo mdogo unaoachwa kati ya ncha ya shina na kile kinachoigonga, injini ikiwa baridi. Upenyo huo upo kwa sababu chuma kikipata joto kinarefuka. Kwa hesabu ya haraka, shina la milimita 100 likipanda joto kwa wastani wa nyuzi 250 hurefuka karibu milimita 0.45, hedi ya alumini nayo hutanuka, lakini kwa kuwa inapozwa na maji haifiki mbali, labda milimita 0.16 kwa urefu huo huo. Tofauti inayobaki, karibu milimita 0.3, lazima ipate pa kwenda. Isipoachiwa nafasi, shina litaisukuma tapeti, tapeti haitasogea, na kinachobaki ni valvu kujiinua yenyewe kutoka kwenye siti. Ndiyo maana katika vitabu vya injini nyingi nafasi ya valvu ya ekzosi ni kubwa kuliko ya inleti. Utakuta, kwa mfano, milimita 0.20 kwa inleti na 0.30 kwa ekzosi, na fundi anayezifunga zote sawa kwa sababu ameshazoea fila geji moja, yaani jani moja la chuma la kupimia upenyo, anaitendea valvu ya ekzosi ukatili asioujua.

Mwaka jana kijana mmoja mwenye bajaji ya gesi aliniletea chombo chake kikiwa hakipandi hata kilima kidogo. Nilimwambia akiwashe, nikakiacha kingurume polepole bila gia, nikashika kipande cha gazeti kwenye mdomo wa ekzosi. Injini nzima hukisukuma kipande kile nje muda wote. Hiki kilikuwa kinasukumwa, kisha kinanyonywa ndani na kubandika, kinasukumwa tena. Tulipofungua kifuniko nilitafuta nafasi ya tapeti ya ekzosi kwa fila geji ya milimita 0.05, jani jembamba kama karatasi ya sigara, na halikuingia. Tulipotoa hedi, ukingo wa valvu ulikuwa umeliwa mahali pamoja, pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kingo zake zimelainika kama nta iliyoyeyuka, na mkabala wake kwenye siti kulikuwa na mchirizi mweupe. Sehemu nyingine yote ya valvu ilikuwa nzima. Hivyo ndivyo valvu inavyoungua: haiyeyuki yote, inaanza kwa uvujaji mdogo mahali pamoja, na moto unaopenya hapo kwa mgandamizo hukata chuma kama mpini wa gesi wa mchomeleaji.

Kijana alishangaa. "Mzee, mbona ilikuwa imetulia kabisa? Miezi miwili iliyopita ilikuwa inalia tapeti, nikapeleka gereji wakaibana, ikanyamaza."

"Kunyamaza huko ndiko kulikokuunguzia valvu, mwanangu," nilimjibu, na sikuwa namkemea, kwa kuwa yeye alifanya alichoambiwa.

Mhariri, hili ndilo neno lililonifanya niandike. Wenye magari wanapenda injini isiyotoa sauti, na mafundi tunawaridhisha. Tapeti yenye nafasi kubwa kupita kiasi inalia, inachakaza kamshafti, inapunguza nguvu kidogo, lakini inakupa taarifa na inakupa muda. Tapeti iliyobanwa haisemi kitu. Inakaa kimya mpaka siku kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, inapokwisha, na siku hiyo mtu analaumu mafuta aliyoyatia.

Na gesi je? Sisemi kwamba msomaji mwenzangu amekosea kuona uhusiano. Upo, ila si ule alioufikiria. Petroli, hata hii ya leo isiyo na madini ya risasi, inapoungua huacha utando mwembamba sana wa masizi kwenye siti, na utando huo husaidia vyuma viwili vinavyogongana visishikane. Gesi asilia inaungua safi, na usafi wake huo tunaousifu kwa ajili ya mapafu yetu unaiacha siti kavu. Valvu ikigonga siti kavu isiyo ngumu ya kutosha, chembe za chuma hung'oka kidogo kidogo, siti inalika, na valvu inazama ndani ya hedi. Valvu ikizama, shina lake linapanda juu kuelekea kwenye tapeti. Nafasi inapungua. Mwenye gari hasikii lolote. Kinyume chake, ile sauti ndogo ya tapeti aliyokuwa anaisikia inafifia, naye anafurahi kwamba injini imetulia kwa gesi. Kisha gesi huwaka polepole kuliko petroli, hivyo kama aliyefunga mfumo hakusogeza mbele taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, inavyotakiwa, sehemu ya moto inakuwa bado inaungua wakati mlango wa ekzosi unafunguliwa, na joto lililopaswa kusukuma pistoni linaishia kwenye shingo ya valvu. Yote hayo yana dawa, na dawa yake si kurudi petroli.

Wenye umri wangu watakumbuka kwamba tulishapita njia kama hii. Risasi ilitiwa kwenye petroli baada ya kugunduliwa Marekani mwaka 1921 kwamba inazuia injini kugonga. Hakuna aliyeitia kwa ajili ya valvu. Lakini mabaki yake yaliilinda siti kwa miaka mingi bila mtu kuyashukuru, mpaka yalipoondolewa. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi kufikia mwishoni mwa mwaka 2005, na ilikuwa haki kuiacha, kwa sababu risasi inaharibu akili za watoto. Magari yenye hedi za zamani, ambazo siti ilichongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha kalibu, yalianza kuzamisha valvu, na tulichofanya ni kupeleka hedi kwa fundi kerezo akachimba na kupigilia siti ngumu. Hatukudai risasi irudi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kufikishwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ni mali yetu na inatuokolea fedha nyingi. Kinachotakiwa ni kuitendea injini kama inavyotaka mafuta hayo.

Ningependa basi kila karakana inayofunga mifumo ya gesi ipime nafasi za tapeti kabla ya kufunga, iziandike kwenye kadi ya gari, na imtake mwenye gari arudi baada ya kilomita elfu chache zipimwe tena. Namba hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega zinasema kila kitu: kama nafasi ya ekzosi imepungua, siti inalika, na bado kuna muda wa kuirekebisha nafasi hiyo kwa gharama ya gasketi na saa mbili za kazi. Kwa injini zenye tapeti za oili zinazojiseti zenyewe, kipimo ni kompresheni ya kila silinda. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA navyo vingefanya vyema kuwafundisha vijana kuseti tapeti za injini za gesi kama somo linalojitegemea, na si mstari mmoja ndani ya somo la tyunapu.

Kuna na maji, ambayo nitayataja kwa ufupi ingawa yanastahili barua yake. Nimesema nyuma ya siti kuna njia za maji, na njia hizo karibu na mlango wa ekzosi ni nyembamba. Ukijaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi, njia hizo zinaota gamba jeupe kama lile la ndani ya birika, na gamba ni blanketi: geji ya joto kwenye dashibodi inaweza kusoma vizuri kabisa huku siti ya silinda moja inaungua, kwa kuwa geji inapima maji na haipimi siti. Tumieni kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na ikishindikana, angalau maji yasiyo na chumvi.

Vile vile mafundi wenzangu tuache kusaga valvu iliyokwisha. Ule ukingo wima kati ya uso wa kichwa na sehemu inayogusa siti unatakiwa ubaki na unene, kwa valvu nyingi za ekzosi walau karibu milimita moja. Ukiusaga mpaka uwe mkali kama kisu, joto linafika kwenye ncha hiyo na halina chuma cha kulibeba kwenda popote. Ncha inaiva, inawasha mchanganyiko kabla ya plagi, na inaungua. Na mstari wa mguso kwenye siti usiwe mwembamba kama uzi kwa sababu tu unapendeza machoni. Kwa ekzosi, upana wa milimita moja na nusu hadi mbili ndio njia ya joto, na kila unachokipunguza unapunguza upana wa barabara.

Jambo la mwisho linahusu usalama, na nawasihi mafundi wa kerezo walisome kwa makini. Miaka ya 1920 Mwingereza Samuel Heron, akifanya kazi Dayton katika jimbo la Ohio kwa jeshi la Marekani, alihangaika na valvu za injini za ndege zilizokuwa zikiungua mfululizo, akaifanya valvu kuwa na uwazi ndani ya shina na kuujaza kitu kinachoyeyuka. Valvu zilizopozwa kwa namna hiyo zilikuwa katika injini ya Wright Whirlwind ya silinda tisa iliyombeba Charles Lindbergh kutoka New York hadi Paris tarehe 20 na 21 Mei 1927, saa 33 na nusu bila kutua. Kilichokuja kukubalika kila mahali ni sodiamu. Huyeyuka kwa nyuzi 98 tu, na kwa kuwa hujazwa zaidi kidogo ya nusu ya uwazi, valvu inapopanda na kushuka sodiamu iliyoyeyuka hurushwa juu na chini, ikichota joto kichwani na kulimwaga kwenye shina, na kichwa kinaweza kupoa kwa nyuzi 100 hivi. Ni ubunifu ambao mpaka leo nikiufikiria unanipa heshima kwa waliotangulia.

Valvu hizo sasa zimo katika baadhi ya injini za petroli zenye tabo, ile pampu ya kusindilia hewa inayozungushwa na moshi, tunazoziingiza kutoka nje, na zikichakaa zinafika kwenye meza zetu. Sote tunajua kwamba valvu ya zamani hukatwa shina ikawa panchi nzuri ya kutolea pini na bushi. Valvu yenye sodiamu ukiikata kwa grainda kisha ikagusa maji, au hata jasho la mkono, sodiamu inawaka papo hapo na kuruka, na ikiingia jichoni hakuna daktari atakayelirudisha jicho hilo kama lilivyokuwa. Kwa nje huwezi kuitambua kwa uhakika. Shina lake mara nyingi ni nene kuliko kawaida, lakini si kila mara. Kama injini ina tabo na huna kitabu chake mkononi, chukulia kwamba valvu zake za ekzosi zina sodiamu: usizikate, usizitoboe, usizitupe kwenye moto wa taka, na usiwape watoto wa mtaani wanaookota chuma chakavu kabla hujawaeleza wanunuzi wao kilichomo ndani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa injini,
Gerezani, Dar es Salaam